Habari za Duka la Nyimbo la Jamaa ya Novello

Mtu aingiapo kanisani siku ya sikukuu, na kuisikia kwaya ikiimba kwa sauti nne, huwawaza waimbaji na mwalimu wao. Mara chache hukiwaza kile kitabu kilicho mikononi mwao. Lakini sisi tulio walimu, tuliokwisha kusimama mbele ya waimbaji ishirini wenye kitabu kimoja tu, twajua thamani yake. Tumeandika nyimbo ubaoni kwa chaki mpaka mkono ukachoka. Tumewaona watoto wakinakili kwa kalamu ya risasi. Huyu akikosea nota moja, na yule aliyenakili kwake akikosea mbili, hata siku ya kuimba kila mmoja ana wimbo wake peke yake.

Tena tumesikia neno jingine vijijini. Kijana mmoja, hodari wa kuimba, alipotaka kufungua kibanda cha kuuzia vitabu vya nyimbo na nota, wazee wengine walinung'unika wakisema, "Wimbo wa kanisani ni sala. Tangu lini sala ikauzwa sokoni pamoja na chumvi na mafuta ya taa?" Neno hili si la kudharauliwa, maana wazee hawaoni haya bure. Walakini twapenda kulijibu, si kwa maneno yetu wenyewe, bali kwa habari ya kweli ya kijana mwingine, mwimbaji kama huyu wetu, aliyefungua duka la namna hiyo hiyo katika nyumba ya wazazi wake.

Mwaka wa 1781 alizaliwa mjini London mtoto jina lake Vincent Novello. Baba yake alikuwa Mtaliana, kazi yake kuoka keki na vitu vitamu. Mama yake alikuwa Mwingereza. Vincent aliimba tangu utoto katika kanisa la balozi wa Sardinia, na alipokuwa na umri wa miaka 16 tu akapewa kazi ya kupiga kinanda katika kanisa la balozi wa Ureno. Siku zile Wakatoliki wa Uingereza hawajapata bado uhuru wote, na watu wengi walikwenda katika makanisa ya mabalozi kusikiliza Misa na nyimbo zake. Huko Vincent aliwasikilizisha Waingereza Misa za Haydn na za Mozart, ambazo wengi wao hawajapata kuzisikia.

Watu wakazipenda, wakamwomba nakala. Lakini nakala hazikuwapo. Basi mwaka wa 1811 Vincent alikusanya nyimbo za kanisani katika vitabu viwili, akazitoa kwa gharama yake mwenyewe. Hakuwa mtu tajiri. Mishahara yake ilikuwa ya kufundisha watoto wa watu na kupiga kinanda. Alikuwa na mke, Mary Sabilla, na baada ya miaka walikuwa wamezaa watoto kumi na mmoja. Mtu wa namna hii atoapo fedha zake kuchapisha kitabu, huzitoa katika chakula cha nyumbani mwake. Twaona basi ya kuwa kabla ya duka kuwako, nyimbo zilikuwa na bei vile vile, ila mlipaji alikuwa mtu mmoja, naye ni yule aliyezipenda kupita wote.

Mwanawe wa kwanza wa kiume, Joseph Alfred, alizaliwa mwaka wa 1810. Alikua katika nyumba iliyojaa nyimbo, akawa mwimbaji wa sauti ya besi. Lakini macho yake yaliona jambo ambalo baba yake hakuliona vema: nyimbo zilizokwisha kuchapwa na kukaa sandukuni hazimfai mtu. Hata mwaka wa 1829, kabla hajatimiza miaka 20, akafungua duka la nyimbo katika barabara ya Frith, mtaa wa Soho, mjini London. Nyumba ya duka ndiyo nyumba waliyokaa jamaa yote. Bidhaa zake za kwanza zilikuwa kazi za baba yake, na mojawapo iliyo kubwa ilikuwa nyimbo takatifu za Purcell, mtungaji Mwingereza aliyekufa mwaka wa 1695.

Habari za nyimbo hizo zataka kusimuliwa. Vincent alisafiri mpaka York, kwenye kanisa kuu la zamani, akanakili kwa mkono nyimbo za Purcell zilizowekwa huko kwa hati tu. Mwezi wa Februari mwaka wa 1829 mtu mmoja alilitia moto kanisa lile usiku, na hati zile zikateketea. Nyimbo zenyewe hazikupotea, kwa kuwa mwalimu mmoja alikuwa amekwisha kuketi na kalamu yake, akanakili, na nakala zake zikapigwa chapa. Mwaka ule ule wa moto ndio mwaka wa duka. Kitu kilicho mahali pamoja huliwa na moto, na mchwa, na panya; kitu kilichouzwa kwa watu mia kina walinzi mia.

Asidhani mtu ya kuwa duka lilisitawi mara moja. Mwaka wa 1832 Alfred alitoa kitabu cha kwanza cha zile nyimbo za kinanda zisizo na maneno, alizozitunga Mendelssohn, kijana Mdachi ambaye jina lake lilikuwa limeanza kuvuma Ulaya yote. Ungedhani watu watagombana mlangoni. Lakini hata ulipofika mwezi wa Juni mwaka wa 1833, nakala zilizouzwa zilikuwa 48 tu, na fungu la mtungaji lilikuwa paundi 4 na shilingi 16. Baadaye nyimbo hizo zilienea katika kila nyumba yenye kinanda. Twapenda vijana wetu wazitie hesabu hizi mioyoni mwao. Duka jipya hujaribiwa na ukimya wa mlangoni kabla ya kujaribiwa na wezi. Nasi twazijua hesabu hizi leo kwa sababu ziliandikwa katika daftari, nakala kwa nakala. Wahenga walisema, "Mali bila daftari huisha bila habari."

Kwa nini wanunuzi walikuwa wachache? Hapo yatupasa kueleza jinsi nota zilivyopigwa chapa. Fundi alitwaa bamba la bati lililochanganywa na risasi, akachora mistari mitano, kisha akapiga alama za nota moja moja kwa chombo cha chuma na nyundo. Tena alizipiga kinyume, kama maandiko yaonekanavyo katika kioo. Bamba likapakwa wino, likapanguswa, likakandamizwa juu ya karatasi. Kila ukurasa na bamba lake. Kazi hii yapendeza macho, lakini huenda polepole. Kwa kuwa nakala zilikuwa chache, bei ilikuwa kubwa. Na kwa kuwa bei ilikuwa kubwa, wanunuzi walikuwa wachache. Wachapaji wakazunguka hivyo, kama ngamia wa kinu cha mafuta, afungwaye macho akadhani yuko safarini.

Tuitazame ile kazi kubwa ya Handel iitwayo Messiah, iliyoimbwa mara ya kwanza mjini Dublin mwaka wa 1742. Kitabu chake cha kuimbia kiliuzwa kwa gini moja, yaani shilingi 21 za Kiingereza. Na kibarua wa shambani katika Uingereza ya siku zile alipata shilingi kama 9 au 10 kwa juma. Ili anunue kitabu kimoja cha kuimbia ilimpasa kufanya kazi majuma mawili na zaidi, asile, asinywe, wala asilipe kodi ya nyumba. Kwa hiyo katika vyama vingi vya kuimba, mwimbaji alipewa karatasi yenye sauti yake tu. Mtu wa besi aliiona besi, hakujua wenzake wanaimba nini mpaka awasikie. Aliimba kama mtu atembeaye usiku akishika bega la mwenzake.

Alfred Novello alilijua jambo hili, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa mtu wa besi. Tena aliona ya kuwa nchi ilikuwa ikibadilika. Mwaka wa 1841 walimu wawili, John Hullah na Joseph Mainzer, walianza mjini London kuwafundisha watu wa kazi kuimba kwa nota, si kumi wala ishirini, bali mamia kwa pamoja. Mafundi, watumishi, wauza duka na walimu wa shule walikuja jioni, baada ya kazi. Wenye maduka wengine waliwaona watu hawa kuwa maskini wasio na fedha. Alfred aliwaona kuwa wanunuzi wengi wenye peni moja moja.

Basi akafanya mambo matatu. La kwanza, alilitwaa gazeti alilolianzisha Mainzer, akalitoa upya tarehe 1 Juni 1844, kwa jina la The Musical Times, bei yake peni moja na nusu. Na ndani ya kila gazeti mlikuwa na wimbo wa kuimbwa kwa sauti nyingi. La pili, mwaka wa 1846 alianza kuitoa Messiah kwa mafungu, kila mwezi fungu moja kwa peni 6. Mafungu yalikuwa 12, jumla shilingi 6 mahali pa shilingi 21, tena asiyeweza kutoa shilingi 6 mara moja aliweza kutoa peni 6 kila mwezi. Na katika ukurasa mdogo uliotosha kushikwa mkononi, mwimbaji aliziona sauti zote nne, na kinanda chini yake. La tatu, mwaka wa 1847 aliweka kiwanda chake mwenyewe cha kupigia chapa, akazidi kutumia alama za nota za risasi, zinazopangwa moja moja kama herufi za kitabu. Kuzipanga kulikuwa na gharama, lakini zikiisha kupangwa, nakala elfu zilipigwa upesi kwa gharama ndogo. Kwa njia hii bei ilizidi kushuka, hata baada ya miaka Messiah nzima ikauzwa kwa shilingi 1.

Tusimfanye Alfred Novello kuwa mtu asiyetaka faida. Aliitaka, naye aliipata. Lakini aliitafuta kwa watu wengi, kila mmoja akitoa kidogo. Faida ya peni moja kwa watu elfu ni kubwa kuliko faida ya shilingi kumi kwa watu watano. Nao watu elfu wamekwenda zao wakiimba. Hapo haja ya mwuzaji na haja ya mnunuzi zilikwenda njia moja, jambo ambalo sokoni si la kila siku.

Tena hakulinda duka lake tu. Siku zile serikali ya Uingereza ilitoza kodi juu ya karatasi, kodi juu ya matangazo, na kodi ya stampu juu ya magazeti. Watu walioona ya kuwa kodi hizi zinawanyima maskini elimu wakafanya chama cha kuziondoa, naye Alfred Novello akawa mtunza fedha wa chama hicho. Kodi ya matangazo iliondolewa mwaka wa 1853, ya stampu mwaka wa 1855, na ya karatasi mwaka wa 1861. Mwaka huo wa 1861 baba yake Vincent alifariki mjini Nice, mzee wa miaka karibu 80, baada ya kuuona mzigo alioubeba peke yake ukibebwa na mabega mengi.

Kuna habari nyingine ambayo haitapendeza kwaya zote, lakini yatupasa kuisema. Chama kimoja cha kuimba mjini Liverpool kilitwaa wimbo uliokuwa mali ya duka la Novello, kikapiga nakala kwa wanachama wake bila ruhusa. Hakikuziuza, kiliwapa bure. Alfred akawapeleka mbele ya mahakama, na mwaka wa 1852 ikaamuliwa ya kuwa, ingawa nakala zilitolewa bure, haki ya mwenye wimbo imevunjwa. Wako watakaosema, "Mtu huyu mkali! Wenzake waimba tu." Na sisi tulionakili nyimbo ubaoni miaka hii yote hatuwezi kumrushia mtu jiwe. Lakini tufikiri: kama mtu mmoja anunua na mia wananakili, mchapaji atairudisha bei mahali pa kwanza, na mtungaji atalala na njaa. Bei ndogo yasimama juu ya wanunuzi wengi, kama dari juu ya nguzo. Kila anakiliye bure ameng'oa nguzo moja.

Turudi nyumbani kwa jamaa hii, maana duka halikuwa kazi ya mtu mmoja. Baba alitengeneza nyimbo na kuzipatanisha na kinanda. Dada yake Alfred, Clara, alikuwa mwimbaji aliyesifiwa katika nchi nyingi za Ulaya. Dada mwingine, Mary, mke wa Charles Cowden Clarke, katika mwaka ule ule wa 1829 alianza kuorodhesha maneno yote ya michezo ya Shakespeare, kila neno na mahali pake. Akafanya kazi hiyo miaka 12 mpaka ikaisha. Kisha tangu mwaka wa 1853 hata 1856 yeye ndiye aliyekuwa mtengenezaji wa The Musical Times. Uvumilivu wa namna hii haununuliwi. Huota nyumbani, watoto wamwonapo baba akinakili nota usiku na mama akihesabu matumizi.

Walakini jamaa si damu peke yake. Mwaka wa 1841 aliingia dukani kijana wa miaka 18, Henry Littleton, mtumishi wa kutembea mjini kwa shughuli za duka. Alfred hakumwacha katika kutembea tu. Alipoondoka Uingereza mwaka wa 1856 kwenda kukaa Italia, kazi ya duka ilikuwa mikononi mwa Littleton. Mwaka wa 1861 Littleton akawa mshirika, na mwaka wa 1866 duka lote likawa lake. Watoto wake wakafuata nyuma yake. Hivyo duka la jamaa moja likarithiwa na mtumishi mwaminifu, likawa duka la jamaa nyingine, na jina la Novello likabaki mlangoni. Mwenye duka ambaye humwona kila mtumishi kuwa mwivi, duka lake hufa pamoja naye.

Msomaji atauliza, "Haya yote ni ya Ulaya, sisi yatuhusu nini?" Yatuhusu, maana katika miaka hiyo hiyo lilifanyika jambo jingine lililotufikia sisi. Mwaka wa 1841 walimu wa shule za Jumapili walimwomba mchungaji mmoja, John Curwen, atafute njia nyepesi ya kufundisha watu kuimba. Yeye mwenyewe alikuwa mzito wa kusoma nota. Aliona mafundisho ya mwalimu mwanamke wa mji wa Norwich, Sarah Glover, akayatengeneza, ndiyo hiyo solfa yetu: do, re, mi, fa, so, la, ti. Angalieni werevu wake. Solfa yaandikwa kwa herufi za kawaida. Haihitaji bamba la bati, wala alama za nota za risasi. Mchapaji yeyote mwenye herufi aweza kuipiga chapa. Kwa hiyo ilisafiri mizigoni mwa wamisheni mpaka Madagaska na Afrika ya Kusini na penginepo.

Katika Afrika ya Kusini mwalimu mmoja wa shule ya misheni, Enoch Sontonga, aliyeongoza kwaya ya watoto, alitunga kwa solfa mwaka wa 1897 wimbo ambao sauti yake twaijua sote, kwa kuwa ndiyo sauti ya wimbo wa taifa wa Tanzania, Mungu Ibariki Afrika. Mwalimu huyu alikufa mwaka wa 1905, akiwa bado kijana. Nyimbo zake aliziandika katika daftari la shule, na husimuliwa ya kuwa daftari hilo liliazimwa na kupotea. Wimbo mmoja umeimbwa na mataifa. Nyingine ziko wapi? Tukumbuke hati za York. Huko moto ulikuta nakala zimekwisha kufanywa. Huku hapakuwa na duka, wala daftari la hesabu, wala kijana wa mlangoni.

Basi tuwajibu wazee wetu kwa heshima. Baba zetu, sala haiuzwi, nanyi mmesema kweli. Anunuaye kitabu hanunui sala. Anunua karatasi, na wino, na macho ya yule aliyekesha akipanga nota. Wimbo wenyewe huwa wake bure siku aujuapo, naye aweza kumfundisha mtoto wake bila kumwuliza mtu. Lakini kama hakuna auzaye, mwenye kitabu atakuwa mmoja, na ishirini wataendelea kushikana mabega gizani.

Na wewe kijana, ukitaka kufungua kibanda chako, sikiliza. Ujue kwanza kuimba, maana mwuza nyimbo asiyejua kuimba ni kama mwuza dawa asiyejua ugonjwa. Anza nyumbani, pamoja na baba na dada zako. Andika kila senti. Uzapo nakala 48 tu, usifunge mlango. Na bei yako uipime kwa mfuko wa mwimbaji wa besi anayerudi shambani na jembe begani, maana huyo ndiye atakayelisimamisha duka lako.